Je, Wajua? Roho Ikitaka Chipsi

Je, wajua kwamba mwili una saa yake ya kutamani? Mwaka 2013 Frank Scheer wa Boston na wenzake walichapisha utafiti wa watu 12 waliokaa maabara siku 13. Taa zilikuwa hafifu, hakuna aliyejua nje ni usiku au mchana, na milo iligawanywa sawasawa kutwa kucha. Hata hivyo njaa yao ilishuka chini kabisa karibu na saa mbili asubuhi, ikapanda kileleni karibu na saa mbili usiku. Katika saa hiyo ya usiku walichokitaka zaidi ni vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Wauza chipsi wa mitaani wanaijua saa hiyo bila kusoma jarida lolote. Basi anayetaka kupunguza chipsi asisubiri saa mbili ndipo aanze kushindana na nafsi yake. Ale mapema chakula cha kueleweka, wali na maharage au ugali na samaki, ili saa hiyo imkute ameshiba.

Je, wajua namna rahisi ya kutofautisha njaa na hamu? Jiulize kama ungekubali makande ya jana. Ukikubali, una njaa, kale. Ukisema hapana, nataka sambusa, na si sambusa yoyote bali zile za pale kona, hiyo ni hamu.

Je, wajua kwamba ile picha inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, inayodai kuwa ukitamani chokoleti umepungukiwa na madini ya magnesi, haisimami hata kwa hesabu zake yenyewe? Gramu 100 za mbegu za maboga zina magnesi ya miligramu 500 na ushei, mara kadhaa ya ile iliyo kwenye chokoleti ya maziwa. Kama mwili ungekuwa unatafuta magnesi, watu wangeamka usiku wa manane kutafuta mbegu za maboga.

Kuna waliolipima jambo hilo. Mwaka 1994 Willa Michener na Paul Rozin wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwachukua watu wenye uchu wa chokoleti, wakawapa vitu tofauti kila hamu ilipowapanda: chokoleti ya maziwa, chokoleti nyeupe isiyo na kakao ya unga, vidonge vyenye kakao yenyewe, na vidonge vya bure. Chokoleti ya maziwa ilituliza hamu vizuri. Ile nyeupe ilituliza kiasi. Vidonge vya kakao, vyenye karibu kila kemikali ambayo watu huisingizia uchu huo, havikufanya kitu. Walichokitaka ni ladha, harufu, na ule ulaini unaoyeyuka mdomoni.

Je, wajua kwamba hamu hufuata jiko la nyumbani? Wanafunzi wa Marekani walipoulizwa wanatamani nini, wanawake wengi walitaja chokoleti. Swali hilo lilipopelekwa Cairo, Wamisri walitaja zaidi vyakula vya chumvi vilivyopikwa, zikiwemo mboga zilizojazwa wali. Wanawake wa Japani, katika utafiti wa mwaka 2008, walitaja wali na sushi. Mzanzibari aliyeko Muscat atakwambia urojo, tena wenye bajia na ukwaju wa kutosha. Hata ile hamu ya chokoleti ambayo Wamarekani huihusisha na siku za hedhi ilipochunguzwa mwaka 2017, wanawake waliozaliwa nje ya Marekani waliitaja mara chache kuliko wale ambao wazazi wao walihamia huko na wao wakazaliwa hapo hapo. Homoni zao ni zile zile. Waliyoyaona na kuyaonja utotoni ndiyo tofauti.

Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa, hamu ni kitu cha kufundishwa. Lakini zipo hamu chache ambazo ni habari za kweli kutoka mwilini, na hizo hazifai kuchekwa.

Je, wajua kisa cha mtoto wa Baltimore? Mwaka 1940 Lawson Wilkins na Curt Richter wa Johns Hopkins walieleza habari za mvulana wa miaka mitatu na nusu aliyekula chumvi kama watoto wengine wanavyokula sukari. Tangu akiwa mdogo sana alilamba chumvi kwenye biskuti na kuziacha biskuti zenyewe. Alipogundua kichupa cha chumvi, akawa analia hadi apewe. Neno chumvi lilikuwa miongoni mwa maneno yake ya kwanza. Vitamu hakuvitaka. Alipolazwa hospitali kwa tatizo jingine alipewa chakula cha kawaida cha wodi, chenye chumvi ya kawaida, na hakukuwa na kichupa cha kujichotea. Baada ya siku saba akafariki.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba tezi zake za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo, zilikuwa na kasoro. Tezi hizo hutoa homoni inayozuia chumvi isipotee ovyo kwenye mkojo. Mtoto huyu alikuwa akipoteza chumvi kila alipokojoa, na kwa miaka ile yote alijitibu kwa kijiko. Watu wazima wenye ugonjwa wa Addison, ambao nao hushambulia tezi hizo, mara nyingi hutamani chumvi vivyo hivyo. Mtu anayetamani chumvi kupita kawaida, huku amechoka muda wote, anaona kizunguzungu akisimama na ngozi yake inazidi kuwa nyeusi, aende kwa daktari.

Je, wajua kwamba huko Pemba walihesabu watafunaji wa mchele mbichi? Sera Young na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti uliohusu wajawazito zaidi ya 2,000 wa kisiwani humo. Zaidi ya thuluthi moja walisema hula wanga mbichi, na mchele ndio uliotajwa sana. Waliokula udongo walikuwa wachache zaidi, kama mmoja kati ya ishirini. Wanaotafuna walionekana kuwa na upungufu wa damu na matatizo ya tumbo kuliko wasiotafuna.

Hapa ndipo wajuzi wanapovutana. Wengine husema mwili uliokosa madini ya chuma ndio unaotafuta udongo. Wengine hugeuza: udongo wenyewe hushika madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie kwenye damu, kwa hiyo ni udongo unaoleta upungufu. Wapo pia wanaosema mwanamke anayetapika kutwa hutafuta kitu kikavu cha kumtuliza tumbo, na udongo mlaini wa mfinyanzi kweli hunasa baadhi ya sumu. Kaolini imetumika kwenye dawa za kuharisha kwa miaka mingi. Mimi naona kila kundi lina kipande chake cha ukweli. Ila mjamzito hahitaji kungoja waafikiane. Udongo unaouzwa sokoni, ule wa vipande virefu vilivyokaushwa, unaweza kuwa na risasi na aseniki, na mchele mbichi humaliza meno. Akijikuta anatafuna, amweleze mkunga kliniki bila haya, apimwe wingi wa damu. Wakunga wamelisikia hilo mara nyingi, hawatashangaa. Ila wapo wanaogomba kwanza ndipo wapime, na huo ndio utaratibu mbaya, maana mwanamke aliyegombezwa leo kesho atatafuna kwa siri.

Mwenzake wa udongo ni barafu. Mtu anayetafuna barafu vipande kwa vipande kila siku mara nyingi hukutwa na upungufu wa madini ya chuma, na hamu hiyo huondoka akipata tiba, wakati mwingine hata kabla damu haijarudi sawa. Hakuna chuma ndani ya barafu. Ishara ni ya kweli, lakini kitu kinachotamaniwa sicho kinachotibu.

Tuje kwenye sukari, haraka haraka. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu: umeshapita. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 350: umepita tena, ina karibu gramu 37. Glasi ya juisi ya miwa haiokoi, maana ina gramu 30 na zaidi. Na asali? Shirika hilo linaihesabu pamoja na sukari, ije kwenye chupa nzuri au ije kwenye kibuyu. Juisi ya matunda nayo imo, hata ile uliyoikamua mwenyewe. Tunda zima halimo; nyuzinyuzi zake hufanya sukari iingie taratibu na tumbo lijue limekula.

Tende nzima kwa hesabu hiyo imesalimika, ila tusijidanganye: tende ndogo moja ina sukari ya karibu kijiko kimoja cha chai. Tatu za kufuturia ni sawa. Sahani nzima, kisha kaimati zilizoloweshwa shira, ni habari nyingine.

Je, wajua kwa nini andazi lina nguvu kuliko kiazi cha kuchemsha? Vyakula vya asili vyenye wanga mwingi kwa kawaida havina mafuta mengi, na vyenye mafuta mengi havina wanga mwingi. Mhogo ni wanga. Korosho ni mafuta zaidi. Chakula cha asili kinachochanganya sukari na mafuta kwa wingi ni maziwa ya mama, na hatukumbuki tulivyoyapenda. Mwaka 2018 kundi la mtafiti Dana Small liliwapa watu nafasi ya kununua vitafunwa kwa kushindana bei. Kwa nishati ile ile, watu walikuwa tayari kulipa zaidi kwa vile vyenye mafuta na wanga kwa pamoja. Andazi, kitumbua, chipsi, keki: unga au wanga ulioonana na mafuta. Hakuna mtu dhaifu hapo. Mpishi amepiga penyewe.

Viwanda vimeenda mbali zaidi. Mwaka 2019 Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani aliwaweka watu 20 ndani kwa wiki nne. Wiki mbili walikula vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vilivyopikwa kutoka malighafi zake, na mezani sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi vililinganishwa. Waliruhusiwa kula watakavyo. Kwenye chakula cha kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kila siku, tena kwa kasi zaidi, na wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye kile kingine walipungua kiasi hicho hicho.

Usingizi nao una lake: siku mbili za kulala kidogo zinatosha kuharibu mipango. Huko Chicago mwaka 2004, vijana 12 wa kiume waliruhusiwa kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa siku mbili. Leptini, homoni inayosema nimeshiba, ilishuka kwa asilimia 18. Grelini, inayosema nina njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Na hawakutamani mchicha.

Je, wajua kilichowapata wanaume 36 wa Minnesota? Mwaka 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwalisha watu watakaookolewa na njaa ya vita, akapata wanaume waliojitolea kula nusu ya chakula chao kwa majuma 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kinachosimuliwa zaidi ni akili zao. Watu ambao hawakuwahi kushika mwiko walianza kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Waliota chakula. Walitafuna bazoka kupita kiasi, mpaka ikabidi wawekewe mpaka. Anayeanza Jumatatu kwa kujinyima kila kitu, ifikapo Alhamisi amejigeuza mtu wa Minnesota, halafu anajilaumu kwamba hana msimamo. Kumnyima mtu kitu kimoja kwa siku chache huzidisha hamu ya kitu hicho. Akivuka wiki nyingi bila kukigusa, huku anashiba vyakula vingine, hamu yenyewe huanza kulegea.

Je, wajua kwamba hamu ni picha kabla haijawa mate? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, wameonyesha kwamba anayetamani kitu huwa anakiona kichwani, na ukiushughulisha ubongo kwa picha nyingine, hamu hupungua. Huko Plymouth, Uingereza, dakika tatu za mchezo wa Tetris zilitosha kuipunguza, si kuiua. Kutembea kwa kasi kwa dakika 15 pia kumepimwa kwa wapenda chokoleti, kukasaidia. Kwa hiyo ukitaka kwenda dukani kununua soda, nenda kwa kuzunguka mtaa mzima. Ukifika bado unaitaka, inunue ile ndogo.

Sasa mbadala. Hapa washauri wengi huharibu kazi. Humwambia mtu anayetaka chipsi ale tango. Tango halina kosa, lakini halijawahi kuwa chipsi. Kwanza jua ulimi unataka nini hasa: ukali, ugwadu, chumvi, kitu kinacholia mdomoni, ubaridi, au utamu. Kisha tafuta kilicho jirani.

Anayetaka chipsi mara nyingi anataka wanga wa moto, chumvi na pilipili. Mhogo wa kuchoma kwenye mkaa, uliopasuliwa ukatiwa chumvi kidogo, pilipili na ndimu, unampa vyote vitatu bila bwawa la mafuta. Kama ni chipsi tu, basi zikatwe nene, kwa sababu mafuta hukaa zaidi juu ya ganda na kipande kinene kina ganda dogo kwa uzito wake. Na kachumbari iwe nusu ya sahani, isiwe pambo.

Anayetaka kitu cha kulia mdomoni asipewe matunda laini. Bisi zilizopasuliwa nyumbani kwa mafuta kidogo, au karanga za kuchoma kwa maganda yake, konzi moja. Karanga zina mafuta mengi lakini hushibisha. Kashata ni karanga zilizovalishwa sukari, kwa hiyo ihesabiwe kama peremende.

Anayetaka ugwadu, na wajawazito wengi wamo humu, ana utajiri mkubwa kuliko wa supamaketi yoyote: ukwaju, embe bichi, bungo, ndimu. Na ubuyu, ila si ule mwekundu uliopikwa kwa sukari na rangi, ambao kwa kweli ni pipi yenye mbegu. Nazungumzia ule mweupe wa kutoka kwenye kibuyu chake. Una vitamini C nyingi kuliko chungwa na nyuzinyuzi tele. Ulaya iliuruhusu uuzwe huko kama chakula mwaka 2008, na sasa wanaunyunyizia kwenye uji wao wa asubuhi kwa bei ambayo muuza ubuyu wa Dodoma hawezi kuiamini. Anayetaka baridi na utamu ajaribu ndizi mbivu zilizopondwa kwenye mtindi uliotoka kwenye friji, au dafu, lenye sukari chini ya nusu ya ile ya soda, na potasiamu juu yake. Mapera nayo yananunuliwa kidogo kuliko yanavyostahili, ilhali vitamini C yake hufika mara nne ya ile ya chungwa.

Je, wajua kwa nini kwenye walima tumbo lililokataa biriani hukubali kitindamlo? Ulimi huchoka na ladha moja, si na chakula chote. Barbara Rolls na wenzake waliligundua hili miaka ya 1980: mtu akishiba kitu kimoja hamu yake kwa kitu hicho hushuka, lakini kwa ladha mpya inabaki. Meza yenye sahani kumi ni mtego wa aina hiyo. Kinyume chake ni halua na kahawa chungu. Kipande kidogo, kahawa isiyo na sukari ikifuata, maneno mengi katikati. Watu wa pwani hadi Oman wameula utamu huo mkali kwa vipande vya vidole viwili, na hapo hakuna anayehisi kanyimwa.

Chumvi hupunguzika kwa kuzoea. Utafiti wa mwaka 1982 uliowapunguzia watu chumvi ulionyesha kwamba baada ya miezi miwili au mitatu waliuona mchuzi wa zamani umezidi. Sukari ni kaidi kidogo. Mwaka 2016 waliopunguziwa sukari kwa miezi mitatu waliona vyakula vitamu vimekuwa vitamu zaidi, lakini kiwango cha utamu wanachokipenda hakikubadilika sana. Punguza kijiko cha chai nusu nusu, usitegemee miujiza. Na vile vidonge vya kuongeza utamu bila sukari, Shirika la Afya Duniani lilishauri Mei 2023 visitumike kama njia ya kupunguza uzito.

Je, wajua kwamba mafunzo ya ulimi huanza kabla ya kuzaliwa? Julie Mennella wa Kituo cha Monell, Philadelphia, alionyesha mwaka 2001 kwamba wanawake waliokunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha walipata watoto walioupokea uji wa karoti kwa uso mkunjufu kuliko wenzao. Ladha ya chakula cha mama hufika kwenye maji ya uzazi, na baadaye kwenye maziwa. Mchicha wa nazi unaokula leo una mlaji wa pili.

Kutoka kituo hicho hicho, mwaka 2005, ilithibitishwa kwamba paka hawaonji utamu kabisa. Jeni ya kipokezi chao cha utamu iliharibika zamani. Paka akikukodolea macho ukila keki, anafuata siagi.